Anzia Nyuma ya Karatasi: Kuwapigia Kura Majaji na Hoja za Kura Colorado

Wakati wa uchaguzi wa rais uliopita, mama mmoja wa Bukavu, aliyeapa uraia mwaka huohuo, alifika kwenye meza yetu ya elimu ya mpiga kura Aurora na bahasha yake ikiwa bado haijafunguliwa. Tuliifungua pamoja. Upande wa mbele haukumchukua hata dakika tano: rais alikuwa ameshamchagua moyoni, na mbunge pia. Alipogeuza karatasi, kalamu ikasimama. Mbele yake palikuwa na majina ya majaji yamepangwa mmoja baada ya mwingine, na kila jina lina swali lilelile: abaki kazini, ndiyo au hapana?

"Mwalimu, huyu juge miye simujue. Ntamupigia namna gani?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na watu wa Goma, wa Mombasa, wa Kigoma. Wengi wetu tulikotoka, habari ya jaji haikuletwa kwetu kabisa. Tanzania jaji anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kenya, Tume ya Huduma za Mahakama inapendekeza na Rais anateua. Mwananchi anasikia jina kwenye taarifa ya habari, basi. Kura ya maoni tunaifahamu, lakini ile ya swali moja kubwa kwa nchi nzima. Wakenya mwaka 2005 walichagua kati ya ndizi na chungwa, wakarudi 2010 wakachagua kijani au nyekundu. Wazanzibari walipiga ya kwao Julai 31, 2010, kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wakongo waliulizwa juu ya katiba Desemba 2005. Hapa Colorado, Novemba 2024, karatasi moja ilibeba maswali 14 ya jimbo zima, hujayafikia ya jiji na ya shule. Hakuna alama ya tunda wala rangi. Ni maandishi matupu, tena ya kisheria.

Ndiyo maana nawashauri watu waanzie nyuma, wakiwa na akili mbichi, kabla chai haijapoa na watoto hawajaamka. Uamuzi wa mbele umeshaufanya miezi iliyopita. Wa nyuma ndio unaohitaji kusoma, na ndio unaokugusa nyumbani. Jaji wa mahakama ya kaunti ndiye anayesikiliza kesi mwenye nyumba anapotaka kukutoa kwa kodi iliyochelewa. Ndiye wa tiketi ya barabarani, wa amri ya kumzuia mtu anayekutishia, na wa madai ya fedha yasiyozidi dola 25,000. Jaji wa mahakama ya wilaya anashika talaka, malezi ya watoto, mirathi na jinai kubwa. Ukiwa na bahati mbaya ya kuingia mahakamani, huyo ndiye utakayesimama mbele yake.

Jaji wa Colorado hagombei dhidi ya mtu. Tume ya uteuzi inachuja majina, gavana anachagua mmoja, na baada ya miaka miwili ya mwanzo jaji analetwa kwa wapiga kura. Akibaki, wa kaunti anapata miaka 4, wa wilaya 6, wa Mahakama ya Rufani 8, wa Mahakama ya Juu 10, na akifika umri wa miaka 72 lazima astaafu. Kwa hiyo ukipiga Hapana humpi mwingine kiti. Unasema huyu aondoke, halafu mchakato uleule wa tume na gavana utaanza upya.

Utamjuaje basi? Tangu 1988 jimbo lina tume za kutathmini utendaji wa majaji, na wajumbe wengi ndani yake si wanasheria. Wanawauliza mawakili, raia walioketi kwenye baraza la kusikiliza kesi (jury), na watu waliofika na kesi. Wanasoma hukumu zake, wanaingia mahakamani kumtazama anavyoendesha kesi, kisha wanamhoji yeye mwenyewe. Mwishoni wanasema amefikia viwango au hajafikia. Ripoti fupi za majaji wote wa eneo lako zimo kwenye kijitabu cha jimbo, kile wenyeji wanachokiita Blue Book, kinachotumwa kwenye kila nyumba yenye mpiga kura aliyejiandikisha. Wengi wetu tunakitupa pamoja na matangazo ya piza. Tafadhali usikitupe.

Pendekezo langu kuhusu majaji ni hili, na nalisema wazi. Tume ikisema jaji amefikia viwango, na wewe huna jambo unalolijua mwenyewe juu yake, mpe Ndiyo. Tume ikisema hajafikia, anza na Hapana, halafu soma sababu. Hutokea mara chache sana, na haitokei bure. Katikati kuna majaji waliopita lakini ripoti yao ina neno la kukukwaza. Hapo mimi natazama kifungu cha mwenendo kuliko cha ujuzi wa sheria. Jaji anayekatiza watu maneno, anayemkemea mtu anayezungumza kupitia mkalimani, anayechelewesha maamuzi kwa miezi, huyo anatuumiza sisi kwanza. Ukiwa na siku moja ya nafasi, nenda ukaketi mahakamani. Milango iko wazi kwa umma na huhitaji kuwa na kesi. Nusu saa kwenye kiti cha nyuma itakufundisha juu ya jaji mambo ambayo hakuna karatasi itakayokufundisha.

Ninachowasihi watu wasikifanye ni kumng'oa jaji kwa hasira ya hukumu moja iliyotangazwa kwenye televisheni. Iowa, mwaka 2010, wapiga kura waliwatoa majaji watatu wa Mahakama ya Juu kwa sababu ya hukumu ya 2009 iliyoruhusu ndoa za jinsia moja. Uwe ulikubaliana na hukumu ile au uliipinga, majaji waliondoka na hukumu ikabaki palepale. Hapa kwetu, Desemba 2023, Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba Donald Trump asiwekwe kwenye karatasi ya kura ya mchujo, na Machi 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua. Novemba ile majaji watatu kati ya wale saba walikuwa kwenye karatasi zetu: Monica Márquez, aliyekuwa na wengi, pamoja na Brian Boatright na Maria Berkenkotter, waliokuwa na wachache. Watu walikuja mezani wakitaka kujua yupi ni wa upande gani. Wote watatu walibakizwa. Mimi niliona ni jambo jema, kwa sababu jaji anayeogopa kesho atang'olewa hawezi kukuhukumu kwa haki leo, hasa kama wewe ni mgeni usiye na wengi nyuma yako.

Sasa hoja zenyewe, yaani yale maswali ya Ndiyo au Hapana juu ya sheria, katiba na kodi. Hapa ndipo watu wanapopotea, na si kwa uzembe wao.

Mwaka 2016 kulikuwa na hoja iliyoitwa Amendment T. Katiba ya Colorado ilikuwa inakataza utumwa isipokuwa kama adhabu kwa mtu aliyetiwa hatiani, na hoja ilitaka hiyo "isipokuwa" ifutwe. Lakini swali liliandikwa takriban hivi: je, katiba ibadilishwe kuhusu kuondolewa kwa sharti la kipekee katika katazo la utumwa, pale utumwa unapotumika kama adhabu? Lisome tena polepole. Kuondoa, kipekee, katazo, utumwa. Mtu anayechukia utumwa kwa moyo wake wote anaweza kabisa kuweka alama kwenye Hapana, akaenda nyumbani ameridhika. Hoja ilianguka kwa kura chache. Miaka miwili baadaye, 2018, jambo lilelile lilirudi kwa jina la Amendment A, na safari hii maneno yalikuwa wazi: utumwa upigwe marufuku katika hali zote. Ikapita kwa karibu theluthi mbili ya kura. Jimbo ni lilelile, na wapiga kura karibu ni walewale. Kilichobadilika ni sentensi.

Kwa hiyo usijiulize kwanza kama unaipenda mada. Jiulize: nikisema Ndiyo, sheria itabadilika nini kesho asubuhi? Hapana, karibu siku zote, maana yake ni mambo yabaki yalivyo. Wapo pia wanaokwenda na hoja kwa sababu inasikika kama jambo ambalo tayari wanalikubali. Mwaka 2020, Amendment 76 ilibadilisha maneno ya katiba kutoka "kila raia" mwenye miaka 18 kuwa "raia pekee". Ukiisikia juujuu, ni suala la wasio raia, na wasio raia tayari walikuwa hawapigi kura za jimbo. Lakini sheria ya jimbo ilikuwa imewaruhusu vijana wa miaka 17, watakaotimiza 18 kabla ya uchaguzi mkuu, kupiga kura ya mchujo. Hoja ilipopita, wakapoteza nafasi hiyo. Jambo hilo lilikuwa limeelezwa kwenye kijitabu, kwenye aya ambazo watu wengi hawazifikii. (Na kwa kuwa nimegusa uraia: ndugu mwenye green card asijiandikishe hata akisukumwa karatasi na mtu mwenye tabasamu. Ni kosa la shirikisho na linaweza kumfukuzisha nchini.)

Jina la hoja nalo linakueleza mengi ukijua kulisoma. Yenye herufi, kama Amendment H au Proposition KK za 2024, imeletwa na wabunge wa jimbo. Yenye namba, kama Amendment 79 au Proposition 131, imeletwa na watu waliokusanya saini, na mara nyingi nyuma yao kuna fedha za kampeni. Ripoti za nani amechangia ziko wazi kwa umma na zinastahili dakika zako tano. Halafu tofautisha Amendment na Proposition. Proposition inagusa sheria ya kawaida, na ikileta matatizo Bunge linaweza kuirekebisha. Amendment inaingia kwenye katiba, na kuitoa humo kunahitaji kura nyingine ya watu. Tangu 2016 wapiga kura wenyewe waliamua kwamba kuongeza kitu kwenye katiba kuhitaji asilimia 55. Na mimi binafsi nina mkono mzito zaidi kwa Amendment. Wazo zuri lililoandikwa vibaya, kwenye katiba, ni mzigo wa miaka.

Hoja za kodi utazitambua bila shida. Kwa sharti lililowekwa 1992, zinaanza kwa herufi kubwa zikitaja kuongezwa kwa kodi na kiasi cha mwaka, na kiasi hicho kinatisha: mamilioni kwa mamilioni. Ni jumla ya watu wote. Tafuta fungu lako. Kodi ya majengo huhesabiwa kwa mili, yaani dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani inayotozwa, na thamani hiyo si bei ya nyumba. Kwa kodi ya shule, nyumba ya kuishi hutozwa kwa karibu asilimia 7 ya thamani yake. Chukua nyumba ya dola 400,000: inayotozwa ni kama 28,000, na mili moja ni dola 28 kwa mwaka. Wilaya ya shule ikiomba mili 5, ni dola 140, chini ya dola 12 kwa mwezi. Sasa unaweza kupima: shule anayosoma mwanangu inastahili dola 12 zangu au haistahili? Wapangaji nao wasidhani haiwahusu, maana mwenye nyumba huijumlisha kwenye kodi ya pango. Sitakuambia useme nini. Ninachotaka ni ukatae au ukubali dola 12, usikatae mamilioni.

Na swali ambalo umelisoma mara mbili, ukasoma na maelezo yake, bado huwezi kumweleza jirani kwa Kiswahili litafanya nini, liache wazi. Kuliacha wazi hakuharibu karatasi. Maswali mengine yatahesabiwa kama kawaida.

Kijitabu hakiji kwa Kiswahili, na sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za lugha nyingine haikuitaja lugha yetu. Lakini Sheria ya Haki za Kupiga Kura ina kifungu kilichoongezwa 1982: mtu anayehitaji msaada kwa ulemavu, au kwa kutoweza kusoma au kuandika, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Anaweza kuwa binti yako, jirani, au mzee wa kanisa. Wasioruhusiwa ni mwajiri wako au mwakilishi wake, na afisa au mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma na kutafsiri, na alama inawekwa pale unaposema wewe.

Yule mama alimleta mjukuu wake siku ya pili, msichana wa darasa la nane, na Blue Book ikiwa na kurasa zilizokunjwa pembe. Msichana alisoma Kiingereza, akatafsiri, bibi akauliza, wakabishana kidogo. Kwa majaji walimaliza haraka. Kwenye hoja walikaa karibu saa nzima, na mbili waliziacha wazi. Kisha nikawaonyesha mgongo wa bahasha, mahali pa saini, kwa sababu saini inalinganishwa na ile iliyoko kwenye kumbukumbu. Zikitofautiana, kura haihesabiwi mpaka mpiga kura arekebishe, na ana siku 8 baada ya uchaguzi. Bibi akaandika jina lake lote kama alivyolisaini siku aliyojiandikisha, taratibu, herufi kwa herufi. Safari hii uchaguzi ni Jumanne, Novemba 3, 2026, na bahasha lazima iwe imefika kwenye sanduku la kura au kwa karani wa kaunti kabla ya saa 1 usiku. Muhuri wa posta wa siku hiyo hausaidii kitu.