Mgonjwa anapoomba kufa

Nimekuwa daktari wa tiba shufaa kwa muda mrefu, yaani tiba ya watu ambao ugonjwa wao hautapona tena, na mara kwa mara ndugu wa mgonjwa hunivuta pembeni mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mofini, dawa kali ya maumivu niliyoiandika, haitamfanya mpendwa wao alale moja kwa moja. Swali hilo linastahili jibu kamili, kwa sababu ndani yake umo mjadala wote wa eutanasia na wa kusaidiwa kufa.

Nianze na mofini yenyewe, maana hofu hii imewanyima wengi nafuu waliyostahili. Tunaanza na kipimo kidogo, tunakipandisha hatua kwa hatua kwa kuyafuata maumivu, na ikitumiwa hivyo haiharakishi kifo. Sheria nayo ilishauona mpaka huu zamani: mwaka 1957, katika kesi ya mauaji iliyomkabili daktari John Bodkin Adams nchini Uingereza, Jaji Devlin aliwaeleza wazee wa baraza kwamba daktari anaruhusiwa kufanya kila linalofaa ili kupunguza maumivu, hata kama hatua hizo zitatokea kufupisha maisha. Kinachopimwa ni nia, na nia huonekana katika kipimo cha dawa kilichoandikwa kwenye faili.

Eutanasia ni jambo jingine: daktari humpa mgonjwa dawa kwa lengo la kumuua, kwa ombi la mgonjwa mwenyewe, ili mateso yake yakome. Katika kusaidiwa kufa, daktari huandika dawa lakini mgonjwa ndiye anayeinywa kwa mkono wake. Kuzima mashine ya kupumulia ambayo mgonjwa ameikataa hakuhesabiwi kuwa mojawapo ya haya mawili. Hapo sheria za nchi nyingi husema kwamba aliyeua ni ugonjwa.

Mpaka huo wa mwisho ndio unaonisumbua zaidi, na sijaona mahali ulipodhihirika waziwazi kuliko Uingereza mwaka 2002. Mwanamke mmoja, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi B tu, alikuwa amepooza kuanzia shingoni kwenda chini na alipumua kwa mashine. Aliomba izimwe, madaktari wake wakakataa, naye akaenda mahakamani. Jaji aliridhika kwamba alikuwa na akili timamu na kwamba kuendelea kumtibu bila ridhaa yake kulikuwa kinyume cha sheria, akaamuru alipwe fidia ya pauni 100, ya kuonyesha tu kwamba haki yake ilikiukwa. Baada ya muda mfupi mashine ilizimwa, naye akafariki. Mwaka huohuo Diane Pretty, aliyekuwa na ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, alishindwa katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Alichoomba ni hakikisho kwamba mumewe hatashtakiwa akimsaidia kufa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na nguvu za kufanya hivyo, na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1961 ilikuwa imeondoa kosa la kujaribu kujiua huku ikiacha kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayesaidia. Mahakama ilikubali kwamba jambo hilo linagusa haki ya mtu kuheshimiwa katika maisha yake binafsi, lakini ikasema dola ina haki ya kuweka katazo hilo ili kuwalinda walio wanyonge. Wanawake wawili, wote wakiwa na akili timamu, wote wakijua wanachokitaka. Tofauti iliyoamua ni kwamba mmoja wao alikuwa na mashine ya kuzimwa.

Nchi zilizoruhusu hazikufuata njia moja. Uswisi, kwa sheria ya jinai inayotumika tangu 1942, humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua ikiwa tu ana nia ya kujinufaisha. Jimbo la Oregon nchini Marekani, ambako sheria ilianza kutumika mwaka 1997, hutaka madaktari wawili wathibitishe kwamba mgonjwa hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6, na mgonjwa lazima ainywe dawa mwenyewe. Uholanzi na Ubelgiji, tangu 2002, zinaruhusu pia daktari kutoa dawa, na hazidai kifo kiwe karibu. Kigezo kikuu ni mateso yasiyovumilika yasiyo na tumaini la nafuu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu miezi inaweza kukadiriwa, ingawa sisi madaktari hukosea mara nyingi katika makadirio hayo, ilhali mateso hayana kipimo nje ya anayeyapata.

Wapinzani husema kwamba mlango ukishafunguliwa haubaki pale ulipoachwa, na hoja hiyo haifai kupuuzwa. Mwaka 2014 Ubelgiji iliondoa kikomo cha umri kwa watoto wenye uelewa wa kutosha, na Kanada, iliyoanza mwaka 2016 na watu ambao kifo chao kilitarajiwa, iliondoa sharti hilo mwaka 2021. Watu wenye ulemavu wamekuwa miongoni mwa waliolalamika kwa nguvu, nami nawaelewa: anayekosa msaidizi wa kumhudumia nyumbani, kisha akaambiwa kwamba sheria inamruhusu kufa, amepewa chaguo gani? Ndiyo maana siwezi kuunga mkono sheria ya namna hii mahali ambapo mofini na wauguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani havijafika. Ridhaa ya mtu anayeumia kwa kukosa dawa inayopatikana kwingineko haiwezi kuitwa ridhaa huru.

Hata hivyo, nisingekuwa mkweli kama ningedai kwamba tiba shufaa inalimaliza suala hili. Ripoti za Oregon zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba wanaoomba dawa hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia na kupoteza heshima yao mara nyingi zaidi kuliko maumivu, na kwamba wengi wao tayari wanapata huduma ya wagonjwa walio ukingoni. Takriban theluthi moja ya walioandikiwa dawa hawakufa kwa kuinywa. Kwa baadhi yao, nadhani, kujua kwamba mlango upo kulitosha.

Mgonjwa wangu mmoja mwenye saratani ya kongosho aliniambia, "Daktari, nimalize." Nilikaa. Nilimuuliza ni saa ngapi ya siku inayomshinda, akasema ni usiku, kwa sababu mkewe hulala kitini akisikiliza pumzi zake. Tulipanga muuguzi wa usiku, mkewe akalala kitandani, na ombi lile hakulirudia.

Mwingine alikuwa na ugonjwa uleule wa Diane Pretty. Binti yake alipitisha kidole juu ya bodi ya herufi, naye akafumba macho kila kidole kilipofika kwenye herufi aliyoitaka, hadi sentensi ikakamilika: aondolewe barakoa ya kupumulia. Tulizungumza naye siku nne, tukamshirikisha mtaalamu wa afya ya akili, na jibu lake halikubadilika. Tulimpa kwanza dawa ya kuzuia hisia ya kukosa pumzi, kisha tukaivua barakoa, akafariki jioni ile, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Katika chumba kilichofuata alilala mwanamke mwenye saratani iliyosambaa kwenye mifupa, aliyezoea kusalimiana na binti yule na aliyesikia kutoka kwake kilichotokea. Nilipopita kumwona asubuhi alinishika mkono na kuuliza, "Na mimi, daktari, mtanizimia nini?" Nilimweleza ninachoweza kukiacha, ninachoweza kukipunguza, na kwamba maumivu yakizidi dawa zote ninaweza kumlaza usingizi ili asiyahisi. Alisikiliza hadi mwisho. Aliishi siku kumi na moja zaidi.