Jina Zuhura maana yake nini, na je limetoka kwenye adhuhuri?

Hili swali kaniuliza jirani yangu hapa Majengo, Dodoma mjini. Kajifungua binti saa saba mchana, bibi wa mtoto akasema aitwe Zuhura kwa sababu kazaliwa adhuhuri, sasa mama mtu anataka kujua ni kweli au ni maneno tu. Jina ni zuri sana mpeni, ila hiyo sababu hapana.

Zuhura ni nyota. Yani ile sayari ya pili kutoka kwenye jua, ukitoa jua na mwezi hakuna kinachong'aa kuizidi pale juu, Waarabu wanaiita Zuhara au Zuhra na sisi tukaipokea ivo ivo na irabu yetu katikati. Mzizi wake ni herufi tatu za Kiarabu, zai, he, re, ambao una kung'aa na kuchanua ndani yake, ndo maana zahra ni ua, na bi Fatuma binti wa Mtume (S.A.W) anaitwa Zahra, na hata msikiti wa Al-Azhar kule Cairo ulioanza kujengwa mwaka 970 jina lake ni la mzizi huo huo. Kwaiyo Zuhura na Zahara ni ndugu wa damu kabisa.

Adhuhuri inaanza na herufi nyingine, dhaa, alafu zile mbili zinazofuata ni zile zile, hapo ndo panachanganya. Ndugu zake ni dhahiri na dhihirisha. Na sisi wa bara wengi wetu dhahabu tunaita zahabu, adhuhuri inakuwa azuhuri, sasa ukilisikia masikioni lazima uone ni kitu kimoja, bibi simlaumu hata kidogo. Tena adhuhuri ndo saa ambayo hiyo nyota imemezwa na mwanga wa jua, huioni.

Mama ukitaka kumuonesha binti jina lake akikua, kiangazi hapa kwetu anga linakuwa jeupe halina wingu, kuna miezi inatokea baada ya magharibi upande wa Bahi huko jua linakozama, miezi mingine inahamia alfajiri upande wa Kongwa jua linakochomoza, usiku wa manane usiitafute haipo. Ukiona taa kubwa nyeupe imetulia haipepesi kama nyota zingine, ndo yeye huyo.