Kadi Ikigoma, Iache Kwanza: Ufafanuzi Kuhusu Utunzaji wa Memori Kadi za Kamera

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha urejeshaji wa data yameongezeka, na karibu yote yana sura moja: kadi "imekula" picha, mwenyewe ameileta, nasi tumemrudishia kadi tupu. Tunayachukulia malalamiko haya kwa uzito. Hata hivyo ni wajibu wetu kueleza kwamba kadi nyingi tunazopokea hazikuwa zimekufa siku tatizo lilipoanza. Zilimalizwa na yaliyofuata. Mwenyewe aliifomati kwa kuwa kamera ilimwambia aifomati, akapiga picha tatu nne kuhakikisha inafanya kazi, akampa jamaa mwenye programu aijaribu, jamaa naye akampa mwenzake, ndipo ikaja kwetu imefungwa kwenye karatasi.

Ieleweke kwamba picha ikifutwa, haiondoki papo hapo. Kinachofutwa ni maelezo kwenye jedwali la faili yanayoonyesha picha ile imelala wapi. Yenyewe hubaki mahali pake mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati ndani ya kamera nako, mara nyingi, ni kuchana ukurasa wa yaliyomo tu, kitabu kikabaki. Kwa hiyo kinachoua picha hasa ni picha nyingine. Hizo tatu nne za majaribio zinaweza kukaa juu ya zile zile unazozililia.

Basi kadi ikigoma kusomeka, au ukifuta kwa bahati mbaya, zima kamera, chomoa kadi, kisha sukuma kile kipande kidogo cha ubavuni kwenda upande wa kufunga. Kipande hicho, kwa taarifa, hakizuii chochote ndani ya kadi. Ni plastiki inayosogea tu. Kamera au kisoma kadi ndicho kinachoiangalia na kuamua kutii. Kadi za microSD hazina kipande hicho, ila adapta zake nyingi zinacho.

Anayetaka kujaribu mwenyewe hatumkatazi. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, ya Christophe Grenier, ambayo haitegemei jedwali la faili: hupita kwenye kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Majina ya awali ya picha kwa kawaida hayarudi. Sharti ni moja, na hapa ndipo wengi hukwama: picha zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile inayookolewa. Kuzirudisha humo ni kujenga juu ya msingi unaochimbua. Nimelieleza jambo hili dirishani kwa miaka, na bado wiki haipiti.

Kwa wanaoileta kadi kwetu, utaratibu ni huu. Kadi ifike kwenye kifuko au kasha lake, peke yake, bila kamera. Fomu ya maombi ijazwe kikamilifu: aina ya kadi, ukubwa wake, modeli ya kamera, tarehe ya tatizo, na kila kilichofanyika baada ya tatizo, pamoja na kile unachoona aibu kukiandika. Mpokeaji hukagua kadi mbele yako, huitia kwenye bahasha, huifunga kwa lakiri, nanyi wawili mnatia saini juu ya lakiri hiyo. Kazi haianzi kwenye kadi yenyewe. Kwanza tunachukua nakala kamili ya kadi, na nakala hiyo ndiyo inayofanyiwa uchunguzi. Maelezo ya uongo kwenye fomu hufuta maombi, na ada hairudishwi. Kuleta kadi ya mtu mwingine bila idhini yake ya maandishi hufuta maombi pia, na mleta kadi hupoteza haki ya kuhudumiwa kwa kipindi kitakachotajwa kwenye barua yake. Tafadhali pia msituambie kwamba uthibitisho wa umiliki umo ndani ya kadi. Hatuwezi kuifungua ili kujua kama tunaruhusiwa kuifungua.

Sasa kuhusu sumaku. Kadi haina sumaku ndani yake, na sumaku ya kawaida ya nyumbani haifuti picha. Data hukaa kama chaji ndogo za umeme zilizonaswa kwenye vyumba vidogo mno vya chipu ya aina ya NAND, teknolojia iliyotokana na kazi ya Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba miaka ya 1980. Mashine za eksirei za kukagulia mizigo nazo zimekuwa zikilaumiwa bila kosa. Waliokuwa na sababu ya kuziogopa ni wenye filamu. Kinachoharibu kadi ni vitu visivyo na hadithi nzuri ya kusimulia: kupinda, umeme tuli wa mwilini unaporuka kwenye miguso ya dhahabu (vile vipande vinavyogusana na kamera), na kusugua miguso hiyo kwa kifutio cha penseli mpaka inang'aa. Miguso ikiwa michafu, tumia kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi.

Chaji hizo, kwa kuwa ni chaji, huvuja polepole. Joto huharakisha kuvuja. Viwango vya kadi za SD vinaruhusu zifanye kazi kati ya nyuzi 25 chini ya sifuri na nyuzi 85 za Selsiasi, na wapo wanaotuletea namba hizo kama hati ya kuiacha kadi kwenye dashibodi ya gari juani. Namba hizo zinahusu kadi inayofanya kazi. Hazisemi lolote kuhusu picha za harusi zilizolala mle miaka kumi. Kadi ni kapu la kubebea, si ghala. Ukirudi kutoka kwenye tukio, hamisha picha siku hiyo hiyo, na usifomati kadi kabla hujaziona zikifunguka kwenye sehemu mbili tofauti. Mpigapicha Peter Krogh alieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa mbali na zilipo nyingine. Kwa kamera zenye nafasi mbili za kadi, ziwekeni ziandike picha ile ile kwenye kadi zote mbili, badala ya kuifanya ya pili kuwa akiba ya kutumika ya kwanza ikijaa.

Kufomati kufanyike ndani ya kamera itakayotumia kadi, si kwenye kompyuta. Kubadili majina ya faili au ya folda zilizo ndani ya DCIM (folda ambamo kamera huweka picha) kutoka kwenye kompyuta kunaweza kuifanya kamera isizione picha zako, nawe ukadhani zimepotea. Kadi isichomolewe taa ya kuandika ikiwa inawaka, na betri inayokaribia kuisha ibadilishwe mapema, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali la faili ndilo linaloumia.

Yapo malalamiko ambayo si hitilafu kabisa. Video ndefu kukatwa vipande vya GB 4 ni mpaka wa mfumo wa kupanga faili uitwao FAT32 unaotumika kwenye kadi za SDHC, zile zinazofika GB 32. Kamera haijaharibika, wala kadi. Vilevile namba kubwa ya kasi iliyochapwa usoni mwa kadi kwa kawaida ni kasi ya juu kabisa ya kusoma. Anayerekodi video aangalie alama ya V: V30 ni ahadi ya kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka, V60 ni 60, V90 ni 90.

Kadi feki ni jambo jingine kabisa, na hapa lawama haimwendei mtumiaji. Kidhibiti cha kadi, yaani chipu inayoiendesha, hubadilishwa kitangaze ukubwa ambao haupo. Picha za mwanzo huingia salama. Ujazo wa kweli ukiisha, zinazofuata hutupwa au huandikwa juu ya zilizotangulia, huku kamera ikiendelea kusema nafasi ipo. Picha ambazo hazikuwahi kuandikwa hatuwezi kuzirejesha, hata ukikata rufaa. Kila kadi mpya ijazwe na kusomwa yote kwa programu kama H2testw au F3 kabla ya kupewa kazi yoyote. Zoezi hilo huchukua muda. Liache liendelee usiku.

Mwisho ni wale wanaogawa au kuuza kadi zao za zamani baada ya "kuzifuta". Mliosoma aya ya pili mmeshaelewa. Chama cha SD, kinachoweka viwango vya kadi hizi, hutoa programu yake ya kufomati yenye chaguo la kuandika juu ya kadi nzima. Tumieni chaguo hilo, si lile la haraka. Kadi iliyoharibika ivunjwe chipu yenyewe. Tumeshapokea kadi iliyokatwa kona kwa mkasi, mwenyewe akiamini kazi imekwisha, na tulipoichomeka ikasomeka yote.