Swali la Nusu Dakika Kwenye Troli ya Dawa

Nimeambiwa tena kwamba muuguzi mzoefu hadhuriki kwa swali la nusu dakika anapotoa dawa. Anayesema hivyo anapima sekunde, ilhali la kupima ni hatua iliyokatizwa.

Tuitazame atesunati, dawa ya sindano ya malaria kali, ambayo sisi wa wodi za watoto hapa Kisumu tunaifahamu vyema. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwa mililita 1 ya bikaboneti, kisha huongezwa maji ya chumvi, mililita 5 kwa sindano ya mshipa au 2 kwa sindano ya msuli. Mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 30, yaani mililita 3 za mchanganyiko wa mshipa au 1.5 za ule wa msuli. Sasa daktari aniulize faili iko wapi pale ninapomaliza kuchanganya dawa ya msuli. Nikirudi, mkono uliozoea mshipa utavuta mililita 3, yaani kichupa kizima, dozi maradufu. Hapo uzoefu haukunikinga, ndio uliovuta.

Dawa ya tatizo hili, wasimamizi huamini, ni kizibao chenye maandishi ya kukataza usumbufu, na hapo ndipo ninapokereka. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la vizibao hivyo: usumbufu ulipungua, lakini wauguzi walilalamikia joto, na chini ya nusu yao waliunga mkono viwe sera ya hospitali. Basi waje wavivae Kisumu mwezi wa Februari! Isitoshe, atakayeyatii maandishi hayo ni mama aliyeketi kando ya kitanda, si daktari anayepita na wanafunzi wake, wala simu ya maabara. Na mama huyo ndiye ninayemhitaji, kwa kuwa ndiye husema, “Sista, huyu ameshadungwa,” wakati chati bado haijajazwa.

Nakiri kwamba ushahidi wenyewe una pengo. Utafiti wa Sydney wa mwaka 2010, uliofuatilia wauguzi 98, ulionyesha kwamba makosa huongezeka pamoja na kukatizwa. Lakini wodi iliyoelemewa huzaa yote mawili, kwa hiyo nina shaka kama kupunguza maswali peke yake kutapunguza makosa kwa kiasi tunachotarajia. Hata hivyo, daktari anayetafuta faili anaweza kusubiri nimalize kudunga na kutia sahihi, na akishanikatiza katikati ya kuchanganya, asishangae nikisoma chati upya tangu jina la mtoto.