Uchaguzi Unahamisha Muhuri Tu

Wiki hii nimepokea tena ombi lilelile, safari hii kutoka kwa wazazi wa klabu moja ya vijana wa Kinondoni: njoo utusimamie uchaguzi, mwenyekiti ametuchosha, tukipata uongozi mpya mgogoro utakwisha. Nimewajibu kwa heshima kwamba sitakuja, na nikaona sababu niziandike hapa, maana kuzieleza kwenye simu kumenichosha. Sijaona klabu ya watoto ambayo mgogoro wake ulimalizwa na uchaguzi. Nilizoziona zilitoka kwenye uchaguzi na kambi mbili zilizokuwa zimenuniana, sasa zikawa na idadi ya kura za kutambiana.

Nadhani imani hii tumeiokota Kariakoo. Tumekua tukisikiliza redioni habari za mikutano mikuu ya Simba na Yanga, tukaamini kwamba klabu ni mkutano mkuu. Tunasahau kwamba huko kuna wanachama wenye kadi, matawi na ada, na bado hayaendi kirahisi. Yanga ya miaka ya 1970 iligawanyika kambi mbili, Kandambili na Raizoni, na klabu ya Pan African ikazaliwa humo humo. Wanachama wa Simba waliridhia mfumo wa hisa mwaka 2017, lakini mjadala wa asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji uliendelea kwa miaka. Hao ni watu wazima wenye kadi mkononi. Sasa nenda kwenye timu ya mtaa yenye watoto wa miaka 13, halafu uulize nani mwanachama.

Kwenye klabu ya vijana madaraka yamegawanyika, na hayakai kwa mtu mmoja. Kuna muhuri na akaunti ya benki. Kuna karatasi za wachezaji: leseni, picha, nakala za vyeti vya kuzaliwa. Kuna kiwanja, ambacho mara nyingi ni cha shule ya msingi na kibali chake kimetoka kwa sababu mwalimu mkuu anamfahamu fulani. Na kuna watoto, yaani kuna yule mtu ambaye akipuliza filimbi saa kumi jioni wanakuja mbio. Uchaguzi unahamisha muhuri. Basi. Vile vitatu vingine vinabaki pale vilipokuwa asubuhi ya siku ya kura.

Klabu moja ya Temeke ilifanya uchaguzi ambao hata mimi nisingeukosoa. Fomu zilitolewa kwa wakati, pingamizi zilisikilizwa, kura zikahesabiwa mbele ya afisa michezo. Upande wa mabadiliko ulishinda kwa mbali, na kocha mwanzilishi akashindwa pamoja na watu wake. Jumamosi walikabidhiwa muhuri, hati ya usajili na kitabu cha hundi. Jumatatu mwenyekiti mpya alifika kiwanjani na kocha wake mpya mwenye leseni, wamebeba koni na bipsi mpya, wakakuta watoto sita. Wengine wote walikuwa kiwanja cha mtaa wa pili, kwa kocha wao, ambaye pia alikuwa na bahasha ya kaki iliyojaa vyeti vya kuzaliwa. Ligi ya vijana ya wilaya ilipoanza, wenye muhuri hawakuwa na wachezaji, na wenye wachezaji hawakuwa na klabu. Watoto hawakucheza msimu mzima. Mtoto wa miaka 14 akikosa msimu, hakuna kamati itakayomrudishia.

Hilo ndilo linaloniudhi. Tunajadili nani awe mwenyekiti kana kwamba watoto ni viti vya ukumbini, vinakabidhiwa pamoja na funguo.

Sasa daftari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaponiona mkorofi. Nikiitwa kwenye mgogoro, kitu cha kwanza ninachoomba ni daftari la wanachama. Ninacholetewa karibu kila mara ni kauntabuku la mahudhurio ya kikao. Fungua kurasa za mwezi wa mkutano mkuu: majina kumi ya juu yana saini tofauti tofauti, halafu kuanzia la kumi na moja mwandiko ni mmoja, wino mmoja, saini zinafanana kama zimepigwa chapa. Nani hawa? "Wadau." Mdau ni nani? Jirani wa kiwanja, mwenye duka aliyechangia jezi mwaka juzi, bodaboda anayewabeba makipa siku ya mechi, mchezaji wa zamani aliyekuja kutazama. Wote wamepiga kura. Mama ambaye mtoto wake anafanya mazoezi pale mara nne kwa wiki hakupiga, kwa sababu kikao kiliitwa saa nane mchana naye yuko gengeni kwake.

Katiba nayo haisaidii, kwa sababu nyingi nilizosoma zimenakiliwa. Ili usajiliwe na msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lazima uwe na katiba. Basi watu wanachukua ya klabu ya watu wazima na kubadilisha jina la juu. Inasema mwanachama ni mtu mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, aliyelipa kiingilio na ada ya mwaka. Sawa. Wachezaji wote wako chini ya miaka 18. Ada ya mwaka hakuna aliyewahi kulipa, hata mwenyekiti. Ukiifuata katiba hiyo neno kwa neno, klabu haina mwanachama hata mmoja, na uchaguzi uliofanyika ni batili, na ule wa kabla yake ni batili, na upande wowote ukikata rufaa unashinda. Ndiyo maana rufaa haziishi.

Kuhusu mahakamani sina maneno mengi: msiende. Katiba za soka, kuanzia FIFA kushuka hadi wilayani, zinakataza kupeleka mambo ya mpira mahakama za kawaida. Mtafungiwa huku mnadhani mmeshinda.

Twende kwenye mabadiliko yenyewe, kwa sababu ugomvi wa viti mara nyingi ni pazia tu. Nyuma yake kuna maswali ambayo hakuna anayetaka kuyataja kikaoni. La kwanza ni vijeba. Kocha wa zamani anashinda mabonanza kwa kuchezesha vijana wa miaka 19 kwenye timu ya chini ya 15, mtaa mzima unamshangilia, kombe linakaa sebuleni kwake. Uongozi mpya ukisema tufuate vyeti, tutafungwa mwaka huu na kesho, tutajenga polepole, hapo ndipo utasikia kwamba mwenyekiti ana dharau. Nchi hii ilishalipa gharama ya tabia hiyo: Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005 na wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji. Kijeba mmoja anachukua nafasi ya mtoto halisi, na yule mtoto halisi hatajwi kwenye taarifa yoyote. Bahasha ya kaki ndiyo inayojua ukweli, na ndiyo maana haitolewi.

La pili ni fedha za baadaye. Tangu mshambuliaji wetu Mbwana Samatta atoke Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, sijakutana na mwanzilishi wa timu ambaye haamini kwamba kuna siku atalipwa. Wengi wana daftari la "wachezaji wangu". Naomba hapa tusikilizane vizuri. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa ajili ya klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 unahesabiwa asilimia 0.25, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa nje kwa yuro milioni 1, klabu iliyokaa naye misimu ile minne ya mwanzo ina haki ya yuro 10,000. Kwa timu ya mtaa hizo ni jezi, mipira na nauli za miaka kadhaa. Lakini hulipwa klabu iliyomsajili kwenye shirikisho lake, na tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia kituo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma historia ya usajili wa mchezaji. Hakisomi kauntabuku. Mtu binafsi hawezi kudai. Tangu Mei 2015 ni marufuku mtu au kampuni ya pembeni kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Na klabu ikiwa imekufa, fedha huelekezwa kwa shirikisho la nchi kwa ajili ya soka la vijana.

Kwa hiyo mwanzilishi anayeondoka na bahasha akidhani ameondoka na mali yake, ameondoka na makaratasi. Na wale waliobaki na muhuri lakini hawakuwahi kumsajili mtoto kihalali, nao hawana kitu. Nimeona pande mbili zikipigania haki ambayo haikuwa imesajiliwa kwa upande wowote, na hakuna aliyekubali kunisikiliza mpaka nilipowaonyesha kwamba jina la klabu halimo kabisa kwenye mfumo wa usajili.

Halafu kuna dawa ya kienyeji ya "tumfanye mlezi". Mwanzilishi akianza kusumbua, wajanja wanapendekeza apewe heshima ya ulezi wa klabu, asimame ukumbini apigiwe makofi, halafu asiitwe tena kikaoni. Yule mzee alifyeka nyasi za kile kiwanja kwa mkono wake. Alinunua njumu za watoto kwa pesa ya kazi yake ya ulinzi. Amewapeleka zahanati walipoteguka vifundo vya miguu. Hajawahi kudai posho. Anaelewa vizuri sana kwamba ulezi huo ni mlango wa kutokea, na ataondoka kupitia mlango mwingine, akiwa na watoto. Mkitaka kumbakiza, mpeni kazi yenye majukumu na mipaka iliyoandikwa: awe mkuu wa timu za chini ya miaka 13, aamue mazoezi na kikosi, asiguse fedha wala usajili. Wengi wanakubali. Kinachowaumiza ni kufanywa picha ya ukutani.

Ndiyo maana ninasema makabidhiano yatangulie kura. Kaeni pande zote mbili na afisa michezo, orodhesheni kila mtoto na kila karatasi, kila mzazi achukue cheti halisi cha mwanawe na klabu ibaki na nakala. Kibali cha kiwanja kiandikwe kwa jina la klabu. Rekebisheni kifungu cha uanachama kiseme mzazi au mlezi wa kila mtoto aliyesajiliwa ni mwanachama, kura moja kwa kila mtoto, pamoja na makocha na wachezaji wa zamani waliojiandikisha. Mkifika hapo, mara nyingi mtagundua kwamba hakuna tena cha kugombania, na uchaguzi unakuwa jambo la nusu saa.

Kuna mambo mawili ambayo mimi mwenyewe sina uhakika nayo, na sitaki kuyafunika.

La kwanza ni hao wazazi. Nimependekeza wapewe kura, lakini mzazi anakaa klabuni miaka mitatu minne, mwanawe akihama naye anahama. Wengi wanapiga kura wakiangalia nani atamchezesha mtoto wao Jumamosi. Mwanzilishi anaangalia miaka ishirini, mzazi anaangalia nani atavaa namba tisa, ya mshambuliaji. Nairobi, MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza mwaka 1987, kiliwakabidhi vijana wenyewe sehemu kubwa ya kuendesha ligi na kuchagua viongozi wa maeneo yao, na timu zao zinapata pointi kwa kusafisha mitaa. Kwa hiyo watoto wanaweza kuliko tunavyofikiri. Lakini kila nilipowauliza watoto wa klabu iliyo kwenye mgogoro wanamtaka nani, wamemtaja kocha wao, hata yule ambaye nilijua anawaficha umri. Sijui sauti hiyo niipe uzito gani.

La pili ni kugawanyika. Kwenye kozi za uongozi tunafundishwa kwamba umoja wa klabu ulindwe kwa gharama yoyote. Siku hizi naona gharama hiyo mara nyingi analipa mtoto. Pande mbili zisizoaminiana zikibaki chini ya jina moja, zinagombania saini hadi msimu unakwisha. Zikiachana mapema, kabla dirisha la usajili halijafungwa, na barua za kuwaruhusu watoto kuhama zikatolewa siku hiyohiyo bila kudaiwa hata senti, mtaa unabaki na timu mbili na watoto wote wanacheza. Wenzangu wa chama cha wilaya wanaona nahubiri uasi. Nimewaomba waniletee klabu moja ya watoto iliyopatanishwa kwa nguvu ambayo watoto wake wote bado wanacheza. Nasubiri.