Hospitali ya wanyama: nani anafanya nini, na umuulize nani

Kila aliyevaa koti jeupe ni daktari?

Hapana, na una haki ya kuuliza. Nchini Tanzania, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka ngazi tatu chini ya Baraza la Veterinari. Daktari wa mifugo amesoma shahada ya miaka 5, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na amesajiliwa. Mtaalamu msaidizi ana stashahada na ameandikishwa. Msaidizi wa huyo ana astashahada na ameorodheshwa. Wengi wa makundi haya mawili wametoka vyuo vya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo, kama Tengeru na Mpwapwa.

Kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kupasua ni kazi ya daktari. Kupima joto, kuchoma sindano iliyoagizwa, kuweka dripu na kusafisha vidonda hufanywa na mtaalamu msaidizi, ambaye kwa kazi hizi mara nyingi ana mkono mwepesi kuliko daktari mwenyewe.

Kwa nini mtu wa mapokezi ananiuliza maswali mengi?

Kwa sababu ndiye anayeamua nani asipange foleni. Paka dume anayechuchumaa bila kutoa mkojo, ng'ombe aliyejaa gesi ubavu wa kushoto, mbwa anayesukuma kwa nusu saa bila mtoto kutoka: hao hawasubiri. Mweleze ulichokiona kwa macho yako, usimpe jina la ugonjwa unaoushuku. Na asipompandisha mnyama kwenye mizani, mkumbushe.

Uzito una uzito gani hasa?

Chukua mbuzi wa kilo 20 anayehitaji ganzi ya lignokaini ya asilimia 2. Kila mililita ina miligramu 20. Mbuzi huathirika haraka na dawa hii, kwa hiyo daktari akiweka kikomo cha miligramu 5 kwa kilo, mbuzi huyo asipewe zaidi ya miligramu 100, yaani mililita 5. Akikadiriwa kwa macho kuwa ana kilo 35, atapewa karibu mililita 9 na anaweza kupata degedege mezani.

Wakati wa upasuaji, daktari si anatosha?

Hatoshi. Aliyeshika kisu anatazama jeraha. Lazima awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni nusukaputi tu, na kila dakika 5 anaandika mapigo ya moyo, pumzi, joto na rangi ya fizi. Akibonyeza ufizi ukawa mweupe, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Joto la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39.2. Chini ya nusukaputi hushuka haraka, hasa kwa mbwa mdogo aliyelowanishwa spiriti tumboni, na mnyama aliyepoa huchelewa kuamka. Mtu huyu pia hupaka mafuta ya macho, kwa kuwa mnyama hapepesi.

Kwa ng'ombe, kondoo na mbuzi hatari ni nyingine: wakilazwa, tumbo hujaa gesi na cheuo hupanda kooni kikaingia mapafuni. Shingo huinuliwa na mdomo huelekezwa chini ili mate yatoke. Ndiyo maana ng'ombe wengi hupasuliwa wakiwa wamesimama, kwa ganzi ya ubavuni. Ukiambiwa usimpe mnyama chakula kabla ya upasuaji, tii, na kama amekula, sema. Kuficha ndiko kunakoua.

Dalili zinaonekana wazi. Maabara ya nini?

Homa kali baada ya kupe inaweza kuwa ndigana kali, ndigana baridi au babesia, na dawa zake ni tofauti. Buparvakwoni, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito ikiwa ni ile ya miligramu 50 kwa mililita, hutibu ndigana kali lakini haigusi ndigana baridi. Fundi wa maabara huchukua majimaji ya tezi iliyovimba na tone la damu ya sikio, huyapaka kwenye vioo, huyakausha na kuyatazama kwa hadubini. Vioo vikiachwa wazi, nzi hula damu yote. Chupa ya kifuniko cha zambarau isipogeuzwa taratibu mara 8 hadi 10, damu huganda na kipimo kimeharibika. Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, la sivyo vimelea huenda visionekane.

Kwenye dirisha la dawa niulize nini?

Uliza dozi, siku ngapi, na maziwa au nyama visiliwe kwa muda gani. Muda huo umeandikwa kwenye chupa. Usimpe paka parasetamoli ya nyumbani, hata kipande. Humuua.

Na wanaosafisha vizimba?

Ni kinga ya hospitali nzima. Kirusi cha pavo cha mbwa hukaa sakafuni kwa miezi. Mhudumu husugua uchafu kwanza kwa sabuni, kisha hupaka jiki, sehemu 1 kwa 30 za maji, na kuiacha dakika 10. Akiimwaga juu ya kinyesi, dawa imepotea bure. Kizimba cha wagonjwa wa kuambukiza husafishwa mwisho. Watu hawa wanaumwa na mbwa kabla ya mtu mwingine yeyote, hivyo wanastahili chanjo ya kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kazi.

Ng'ombe amekufa ghafla, damu inatoka puani na haigandi. Nimpeleke hospitali?

Usimsogeze, usimchune, usimpasue. Huenda ni kimeta. Hapa anayehitajika ni afisa mifugo wa kata: apigiwe simu aje achukue sampuli na kusimamia kuchomwa au kuzikwa kwa mzoga, kina cha mita 2. Mpaka afike, zuia mbwa na watoto.