Je, wajua kwa nini mvuvi wa chewa huenda peke yake, na wa dagaa haendi bila wenzake?

Ukifika diko la Tumbe, pwani vyombo vinakotua, kaskazini mwa Pemba, baada ya sala ya alfajiri, utaona mambo mawili kwa mara moja. Kuna mtu anatoka na mtumbwi wake, kasimama tezini, nyuma ya chombo, anasukuma kwa upondo, mti mrefu unaogusa chini. Chomboni hana mwenzake ila kikapu, kafi na dumu la maji ya kunywa. Na kuna chombo cha dagaa kinarudi baada ya kukesha, vijana wamejaa humo, wengine wamelala juu ya nyavu na wengine wanafua maji, wanayachota na kuyamwaga nje ya chombo. Bahari ni moja na asubuhi ni moja. Mbona huyu kaenda pekee, na hawa hawawezi kwenda ila kwa kundi?

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni umasikini: huyu wa mtumbwi hana pesa ya chombo kikubwa. Kweli imo, lakini haitoshi. Wapo watu waliokuwa mabaharia miaka mingi wakarudi kwenye mitumbwi yao kwa hiari, na wapo wanaofanya kazi zote mbili ndani ya mwezi mmoja. Mimi naamini anayehesabu watu wa chomboni ni samaki mwenyewe. Tazama samaki anavyoishi, utajua atavuliwa kwa zana gani, na zana ndiyo itakayosema inataka mikono mingapi.

Chukua chewa. Chewa ana shimo lake katika mwamba, hulilinda, na hukaa hapo akivizia. Si kawaida kukuta chewa mia wamefuatana. Basi ukimtaka, unamfuata nyumbani kwake na mshipi: uzi mmoja, chubwi ya kuuzamisha, ndoana, na chambo cha ngisi au dagaa. Kazi yote imo kwenye kidole cha shahada kilichoushika uzi. Samaki aitwaye changu hudokoa, tena na tena, kama mtoto anayeiba nyama chunguni. Chewa hadokoi, humeza kisha akageuka kurudi shimoni, na ukichelewa kidogo tu kumvuta ameshajichimbia katika matumbawe na uzi umekatika. Hapo mtu wa pili hana la kukusaidia. Hawezi kukupa kidole chake.

Pengine atakuharibia. Mkondo ukivuta, mishipi miwili katika mtumbwi mwembamba husokotana. Halafu kuna kelele. Sauti majini hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, na hewani ni kama mita 340 tu, kwa hiyo kafi iliyoangushwa chomboni husikika kule chini kabla hujainama kuiokota. Wazee wetu hawakuwa na hesabu hizi, lakini mtoto aliyegonga ubavu wa mtumbwi alikaripiwa papo hapo.

Kisha kuna siri, na hili lina uzito kuliko wageni wanavyodhani. Mwamba mzuri ni mali. Mvuvi huupata kwa alama za nchi kavu: anaupanga mnara wa msikiti na mnazi ulio nyuma yake mpaka vinakaa mstari mmoja, kisha anatafuta alama mbili nyingine upande wa pili, labda ncha ya kisiwa na mti mkubwa kilimani. Mistari ile miwili inapokutana ndipo mwamba ulipo, na anaweza kutia nanga juu yake mwaka baada ya mwaka bila kukosea. Siku hizi simu inafanya kazi hiyo, ila mti na mnara havihitaji chaji. Ukimchukua mtu chomboni umemwonyesha alama zako zote, na kesho atakuja na ndugu zake. Ndiyo maana hata baba humchagua mtoto wa kumrithisha miamba yake.

Sasa njoo kwa dagaa. Samaki huyu mdogo akiwa pekee huliwa mara moja. Akijichanganya na maelfu ya wenzake, adui hushindwa kumlenga mmoja, macho yanampotea. Wingi ndio ngao yake. Ngao hiyo hiyo ndiyo inayomponza mbele ya binadamu, lakini mbele ya binadamu wengi tu.

Kazi yenyewe huwa hivi. Usiku wa giza, kidau chenye taa hutangulia kikatia nanga. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri au jenereta. Mwanga huvuta vijidudu vya baharini, vijidudu huvuta dagaa, mpaka maji chini ya taa yanaonekana kama yanachemka. Nahodha akiridhika, chombo kikubwa huzunguka kidau kikimwaga nyavu duara. Duara lifungwe upesi, na likishafungwa juu lifungwe na chini, kwa kuvuta kamba inayopita kwenye pete za ukingo wa chini, mpaka nyavu iwe kama mfuko uliokazwa mdomo. Wakati ule ule wapo wanaovuta upande wa maboya na wanaovuta upande wa risasi za kuizamisha nyavu, na yupo wa taa, ambaye akitoka na kidau chake mapema dagaa wametawanyika, akichelewa amenasa ndani. Ndipo huwa watu kumi, ishirini, hata zaidi.

Hapa ndipo tofauti yote ilipo, nami naomba msomaji atue kidogo. Katika mshipi, mtu mmoja hupata cha mtu mmoja, wawili wakapata takriban cha wawili. Katika nyavu ya dagaa hesabu haiendi hivyo. Kundi la samaki halina mlango. Ukilizingira nusu, linatokea nusu ya pili. Chombo kinachotaka watu kumi na tano, ukienda na saba, hupati nusu ya dagaa. Huenda usipate hata wa mchuzi. Lazima watimie kwanza, ndipo kazi ianze.

Na wakishatimia, wanahitaji sauti moja. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na waliosema hivyo walikuwa mabaharia kweli. Usiku, gizani, kamba zikikimbia mikononi mwa watu ishirini, amri mbili zinazopingana zinaweza kumkata mtu vidole. Ndiyo maana nahodha hupewa fungu lililozidi, na sijasikia baharia mwenye akili akilalamikia hilo.

Fungu lenyewe nalo lina somo. Desturi hutofautiana diko kwa diko, lakini umbo lake ni moja: gharama za safari hutolewa kwanza, kisha kilichobaki hugawiwa kati ya chombo, mashine na nyavu kwa upande mmoja, na watu kwa upande wa pili. Tuseme, kwa mfano tu, dagaa wameuzwa shilingi 900,000. Mafuta na chakula 300,000. Nusu ya 600,000 zilizobaki inakwenda kwa mwenye chombo na zana, nusu kwa mabaharia. Wakiwa 15, na tusihesabu ziada ya nahodha, kila mmoja ana 20,000. Siku hiyo hiyo mtu wa mtumbwi kauza chewa wawili na changu kwa 30,000, hana mafuta ya kulipa wala mtu wa kugawana naye.

Kwa hesabu hiyo nani angepanda chombo cha dagaa? Lakini pesa ya mtumbwi huja kwa kuruka. Leo 30,000, kesho upepo umegeuka, keshokutwa chewa hawali, siku ya nne una homa, na mtumbwi hauendi wenyewe. Baharia wa dagaa akiumwa, nyumbani kwake mara nyingi hukosi kuona kikapu cha kitoweo kilicholetwa na wenzake. Na kijana asiye na kitu, hata ndoana, huanza kesho kwa mikono yake mitupu, kwa sababu zana ni za mwingine. Chombo kikubwa ndicho chuo chake. Kwa upande wa pili, chombo kile kikikosa usiku mmoja, deni la mafuta linabaki palepale, na mzigo wake huwaangukia wote. Sitaki kuupamba ushirika kuliko ulivyo. Hata juya, wavu mkubwa wa kukokota, ni kazi ya watu wengi wanaovuta kwa pamoja, na limepigwa marufuku Zanzibar kwa haki kabisa, kwa kuwa linang'oa majani ya baharini na kusomba vitoto vya samaki.

Kati ya mtumbwi na chombo cha dagaa kuna ngalawa, na hapo anayeamua idadi ni upepo. Ngalawa, kwa mirengu yake miwili ya ubavuni, haipinduki ovyo, lakini ina tanga. Ukitaka kubisha, yaani kwenda dhidi ya upepo kwa kukata huku na huku, tanga na foromali lake, mti unaolibeba, vihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Anayehama kwenda kuvihamisha ameliacha shikio, yaani usukani. Katika kaskazi tulivu mtu mmoja hodari huweza. Kusi likivuma, na mawimbi yanaingia ndani, unahitaji mmoja wa shikio na tanga, na mmoja wa kufua maji bila kusita. Basi ngalawa nyingi huwa na wawili.

Nimebakisha swali ambalo mtu wa bara huniuliza kila mara: huyu wa mtumbwi haogopi? Pemba si Unguja. Mkondo unaotenganisha Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, kufikia kama mita 800, wakati ule wa Unguja una kina kifupi. Kule ndiko wanakopita jodari, nguru na nduaro, samaki wa kuweza kuuburuta mtumbwi.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ami yangu, aliyevua kwa mtumbwi maisha yake yote.

"Ami, huogopi kuwa peke yako huko?"

"Hebu hesabu vyombo unavyoviona."

Nikatazama. Mitumbwi na matanga, mbali mbali, kila mmoja na pahala pake. "Saba, ami."

"Basi na hao saba wananihesabu mimi."

Nilielewa baadaye, nilipokuwa mkubwa wa kutosha kukaa diko jioni na kusikia watu wakiulizana, "Mtumbwi wa fulani mbona haujarudi?" Mvuvi wa mshipi hutoka na wenzake wakati mmoja, kwa maji yale yale, hutawanyika kila mtu na mwamba wake, kisha hurudi kwa maji yale yale. Wamefichana alama, hawakufichana macho. Tanga likitoweka ghafla, wawili watatu wataacha mishipi yao wende kutazama, na hakuna atakayedai fidia ya samaki aliowakosa. Hata nchi kavu mtumbwi ule haupandishwi na mtu mmoja. Wanaokuja kuusukuma, wakiwamo watoto na wazee wasioweza tena kwenda baharini, huondoka na kitoweo.

Wanawake wa Jambiani na wa Uzi, huko Unguja, na wa vijiji vingi vya Pemba hufanya vivyo hivyo kwa miguu. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hupanda na kushuka kwa tofauti inayofika kama mita nne, na yakipwa mwamba wote huwa wazi. Kuchokoa pweza ni kazi ya mtu mmoja: yeye, mchokoo wake, na jicho la kulijua shimo lenye pweza ndani. Lakini hutoka pamoja na huitana kwa sauti, kwa kuwa maji yakianza kujaa hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako, na aliyeinama juu ya shimo hayaoni. Anayeyaona ni mwenzake aliye hatua mia nyuma.

Walioliendeleza jambo hili la wengi hadi mwisho ni Wakojani. Kojani ni kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba, na watu wake hupiga dago, yaani huhamia pwani za mbali kwa wiki au miezi kumfuata samaki, mpaka Tanga na mpaka Kenya. Dago haliwezekani pekee. Anatakiwa wa kupika, wa kuuza, wa kushona nyavu, na wa kuliangalia diko la ugenini wengine wakiwa baharini.

Na mabaharia wa dagaa wenyewe, kila mwezi unapopevuka, taa zao hazina nguvu tena. Mwanga umeenea bahari nzima, dagaa hawana sababu ya kuja kujikusanya chini ya kidau. Vyombo vikubwa hupumzika siku kadhaa, nyavu zinatandazwa mchangani zishonwe. Hizo siku, ukipita Tumbe asubuhi, yule kijana uliyemwona wiki iliyopita amelala juu ya nyavu kati ya wenzake ishirini utamkuta kasimama tezini, kwenye mtumbwi wa babu yake, upondo mkononi. Wenzake watatu nao wanatoka, kila mmoja na mtumbwi wake, na kabla hawajaachana mmoja anawauliza wengine watarudi na maji ya saa ngapi.